Kati ya mkono unaotoa dawa na mkono unaopokea: barua ya wazi kutoka Nairobi

Kwa Waziri wa Afya. Kwa wakuu wa afya wa Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Kwa wakuu wa idara inayosimamia maslahi ya wazee. Na kwa kila mwenye nyumba ya kutunza wazee katika jiji hili.

Waheshimiwa,

Nimekuwa muuguzi Nairobi kwa miaka 26, na dawa nilizogawa kwa mikono hii siwezi kuzihesabu. Lakini kilichonikalisha usiku huu kuandika si kazi yangu. Ni mama yangu.

Mama ana miaka 79. Ana sukari na presha, na tangu magoti yalipomshinda anaishi katika nyumba ya kutunza wazee hapa jijini. Ni nyumba safi. Wahudumu wanamwita shosho, wanamsuka nywele Jumapili, na mimi nawaamini. Naanza na hilo kwa sababu sitaki mtu aisome barua hii akimtafuta mtu mbaya. Hayupo.

Mwaka jana mama alilazwa siku tano kwa nimonia. Siku ya kuruhusiwa, dawa zake zilitiwa ndani ya mfuko wa kaki pamoja na karatasi ya ruhusa iliyoandikwa kwa mkato wa kidaktari. Bahasha moja ilikuwa ya glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, miligramu 5. Kule kwenye nyumba ya wazee, dawa zake za zamani zilikuwa zikimngoja ndani ya mkebe wa majani chai wenye jina lake, na mkebeni mlikuwa na pakiti ya Daonil. Wauguzi na wafamasia wanaosoma hapa wameshajua kinachofuata. Daonil ni jina la kibiashara. Dawa iliyomo ni glibenklamidi. Ni dawa moja yenye majina mawili. Mhudumu wa zamu ya usiku, binti mchanga aliyeajiriwa kwa sababu ana subira na wazee, aliona majina mawili akaelewa dawa mbili. Akampa mama zote jioni ile, na zote tena asubuhi, na jioni yake vivyo hivyo. Mama alikuwa bado hana hamu ya chakula. Alikunywa uji nusu kikombe akalala.

Alfajiri ya siku ya pili walimkuta amelowa jasho, anamwita dada yake aliyefariki zamani, maneno hayaungani. Walidhani ni uzee, au ni homa imerudi. Wakamfunika blanketi. Nilipopigiwa simu nilikuwa natoka zamu. Niliuliza kama anaweza kumeza, nikawaambia wampe chai yenye sukari nyingi, tena polepole, nikarukia bodaboda. Kipimo cha kwanza cha sukari pale mapokezi ya dharura kilisoma 1.8. Ikishuka chini ya 4 mtu tayari yuko hatarini, kwenye 1.8 ubongo unakosa chakula. Walimtundikia maji ya glukosi, na daktari akakataa kumwachilia siku hiyo, akiwa na sababu nzuri: glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee ambaye figo zimechoka, na sukari ikishapandishwa hushuka tena baada ya saa kadhaa.

Kuna jambo jingine ambalo nililijua na sikulisema mapema, na litanikaa moyoni. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa wagonjwa wa sukari, inataja gliklazidi na kueleza wazi kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliopita miaka 60. Mama alikuwa akiimeza kwa miaka mingi. Kila kliniki iliendeleza ilichokuta kimeandikwa na kliniki iliyotangulia, nami muuguzi nilikuwa nikimnunulia.

Watu walinifariji wakasema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga. Ilihitaji sentensi moja katika karatasi ya ruhusa: "Hii ndiyo Daonil aliyokuwa akitumia, msimpe zote mbili." Sentensi hiyo haikuwa kazi ya mtu yeyote. Daktari aliandika dawa sahihi. Mfamasia alitoa dawa sahihi. Binti wa usiku alimpa mgonjwa sahihi kwa saa iliyoandikwa. Kila mkono ulifanya kazi yake, na dawa ikaharibikia kati ya mkono na mkono.

Hapo ndipo ninapotaka mtazame. Chuoni tulikaririshwa mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Ni mafundisho mazuri na nimeyafuata maisha yangu yote ya kazi. Lakini yanamwangalia muuguzi mmoja akiwa amesimama mbele ya kitanda kimoja. Hayasemi lolote kuhusu lango la hospitali, wala saa ile ya kubadilishana zamu, wala kemisti wa mtaani, wala mkebe wa majani chai.

Na malango yenyewe ni mengi kuliko tunavyodhani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali kuu sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, likazipa kaunti vituo vyake vya afya na maduka ya dawa. Wazee nao wanaangukia wizara nyingine kabisa, ya ulinzi wa jamii. Kwa hiyo bibi anayetoka hospitali ya rufaa, akapitia kemisti kununua kilichokosekana, kisha akafika kwenye nyumba ya wazee, amevuka ofisi tatu katika safari moja ya matatu. Kila ofisi ina wakaguzi wake. Katika miaka yote ambayo mama ameishi pale, nimekutana na mkaguzi wa jikoni na mkaguzi wa mitungi ya kuzima moto. Aliyefungua kabati la dawa sijamwona.

Naomba mnivumilie nieleze kinachotokea katika makabati hayo, kwa sababu baada ya tukio la mama nilianza kujitolea siku zangu za mapumziko kuyapanga, katika nyumba yake na nyingine mbili.

Nianze na saa. Waswahili tunahesabu saa kutoka macheo, karatasi za hospitali zinahesabu kutoka usiku wa manane, na Nairobi tunatumia zote mbili katika sentensi moja bila kujisikia. Kwenye gumzo hakuna ubaya. Kwenye karatasi ya dawa kuna ubaya mkubwa. Katika nyumba moja kulikuwa na mzee wa saratani aliyekuwa akipewa morfini ya maji kila baada ya saa nne. Mhudumu wa jioni alimpa saa mbili usiku, akaandika "2.00". Mwenzake aliyeingia saa nne usiku akaisoma kwa saa za Kizungu: saa nane mchana. Akahesabu kwamba mzee amepitisha saa nane bila dawa ya maumivu, akamhurumia, akampa hapo hapo. Saa mbili tu tangu ile ya kwanza. Mzee alilala usingizi mzito wa kutisha, pumzi zikawa za kuhesabika, na walioketi naye hawakulala hadi alipofumbua macho asubuhi. Huruma ndiyo iliyompa dozi ya pili.

Morfini hiyo hiyo, wodini, inakaa ndani ya kabati la DDA, yaani la dawa za hatari zinazodhibitiwa, lenye kufuli, na haitoki bila daftari na sahihi mbili. Katika nyumba ile chupa ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha karibu na mswaki. Na msinielewe vibaya: sitaki mtu anyimwe morfini kwa sababu ya hofu. Mgonjwa wa saratani kulia usiku kucha ni kosa la dawa pia.

Halafu kuna bahasha. Kila Mkenya anazijua zile bahasha ndogo zilizoandikwa 1×3 kwa kalamu. Mimi nasoma: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa nane. Nimewauliza wahudumu wanasomaje. Mmoja aliniambia ni vidonge vitatu mara moja. Mwingine akasema ni kimoja kwa siku tatu. Wa tatu alisoma vizuri lakini akadhani maana yake ni pamoja na chakula, kwa hiyo mzee asiyekula mchana hakupewa ya mchana. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mjinga. Sisi ndio tumeandika fumbo juu ya kitu kinachoweza kuua, tukaliita maelekezo. Kiswahili kina maneno ya kutosha: "Meza kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku." Yanaingia kwenye bahasha hiyo hiyo.

Kuna dawa ambazo fumbo kama hilo haliwezi kusamehewa. Metotreksati, kwa mwenye ugonjwa wa baridi yabisi, humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu katika nchi zenye hospitali tajiri kuliko zetu. Bahasha yake inapaswa kutaja siku kwa jina: Jumatano tu, siku nyingine hapana. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni nyingine. Mzee anayetumia wafarini akikohoa, mtu humtuma mtoto kemisti akamnunulie Septrin, dawa ya kuua bakteria, kama tulivyozoea. Septrin huipa wafarini nguvu kupita kiasi, na damu inaweza kuvuja ndani kwa ndani kabla ya mtu kujua. Aliyeuza Septrin hakuuliza mzee anatumia nini, na aliyetumwa hakujua.

Kusaga vidonge nitakutaja kwa ufupi, ingawa sikupenda nilichokiona. Mzee akishindwa kumeza, vidonge vyote husagwa kwa mgongo wa kijiko na kukorogwa kwenye uji. Vidonge vya nifedipini, dawa ya presha, vya kutoa dawa polepole vimetengenezwa ili vikae saa nyingi vikiachilia kidogo kidogo. Ukivisaga, dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo na presha inaporomoka. Kumpigia simu mfamasia kuuliza kama kuna ya maji kungetosha. Lakini mfamasia yupi, na kwa namba gani?

Na lipo moja lililonitoa machozi: wazee waliopoteza kumbukumbu kupewa dawa za wagonjwa wa akili ili walale, kwa sababu usiku mhudumu ni mmoja na wao ni kumi na wanne. Dawa hizo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wa namna hii, jambo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ilianza kulitolea onyo tangu 2005. Kifungu cha 57 cha Katiba yetu kinamwahidi mzee kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia yake na ya serikali. Kumlaza mtu kwa dawa kwa sababu hatukuajiri mhudumu wa pili hakumo katika ahadi hiyo.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, kwani nisipolieleza sina haki ya kuwaandikia. Miaka yangu ya mwanzo wodini, daktari aliandika insulini "10U", yaani uniti 10. Ile U ilikuwa imebanana na sifuri, imefunga juu kama sifuri nyingine. Nikasoma 100. Nikajaza sindano ya insulini mpaka mwisho. Dada mmoja mkubwa, muuguzi aliyekuwa akikaribia kustaafu, alipita nyuma yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo ni ya wagonjwa wangapi, mwanangu?" Nikatazama sindano na mikono ikaanza kutetemeka. Mgonjwa alipata uniti 10, akala chai na mkate, akaenda nyumbani wiki iliyofuata bila kujua.

Sikuripoti. Wala dada yule hakuripoti. Tuliogopa barua ya kujieleza, na barua ile ndivyo ilivyokuwa siku hizo na ndivyo ilivyo mahali pengi hadi leo: ukisema kweli unafungua faili lako mwenyewe. Daktari yule aliendelea kuandika U yake vile vile, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Ni wauguzi wangapi baada yangu walisoma sifuri ile?

Bodi ya Famasia na Sumu ina njia za kuripoti. Fomu ya njano ya madhara ya dawa naifahamu, ya waridi ya dawa zenye ubora wa kutiliwa shaka pia, na makosa ya utoaji dawa nayo yanaweza kuripotiwa. Nawashukuru kwa hilo. Lakini fomu haimlindi aliyeijaza. Na mhudumu wa nyumba ya wazee hajawahi kuambiwa kwamba fomu hizo zipo, wala kwamba zinamhusu yeye.

Mtu ataniambia haya ni matatizo ya nchi maskini, tungoje mitambo. Uingereza, mwaka 2009, watafiti walichapisha waliyoyakuta katika nyumba 55 za kutunza wazee. Waliwaangalia wazee 256, kila mmoja akitumia kwa wastani dawa nane. Karibu saba katika kila kumi walikuwa na angalau kosa moja katika dawa zao. Hizo ni nyumba zenye wakaguzi na karatasi za kuchapwa. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2017, lilizitaka nchi zote zipunguze kwa nusu, ndani ya miaka mitano, madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika, na likakadiria kwamba makosa ya dawa yanaigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Miaka hiyo mitano imeshapita. Kila Septemba 17, Siku ya Usalama wa Wagonjwa Duniani, tunavaa fulana, tunapiga picha mbele ya bango. Mimi pia nimepiga.

Mheshimiwa Waziri, ninachokuomba ni kwamba mgonjwa asitoke hospitali yoyote, ya serikali au ya binafsi, bila karatasi moja ya dawa inayosomeka na mtu asiye daktari. Jina halisi la dawa lije kwanza, la kibiashara pembeni. Iandikwe ni ya nini. Iandikwe ya mwisho amepewa saa ngapi, kwa maneno, asubuhi au usiku. Na zaidi ya yote iandikwe dawa zilizosimamishwa. Karatasi zetu zinataja tu zinazoanza. Kama ya mama ingetaja moja tu ya kuacha, nisingekuwa naandika.

Kaunti ya Nairobi, nyumba ya wazee isipewe kibali wala kuongezewa muda wa kibali kabla mtu hajafungua kabati lake la dawa. Kila zamu iwe na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina anayegawa dawa, aliyefundishwa na kupimwa, na asiguswe na kazi nyingine akiwa anagawa. Kipimo cha sukari kiwepo, na glukosi pembeni yake. Wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba hadi nyumba wana kipimo hicho katika mikoba yao. Waambiwe malango ya nyumba za wazee pia ni malango, na wakiwa ndani waombe kuuona mkebe. Dawa za marehemu bado zimo katika mikebe mingi. Nimezitoa mwenyewe.

Bodi, mwisho wa 1×3 uwe sheria, si ushauri. Na muuguzi au mhudumu anayeripoti kosa lake kabla ya kuulizwa alindwe kwa maandishi.

Wenye nyumba, najua gharama. Naijua ada ninayolipa na najua haitoshi kila kitu. Lakini mhudumu wa pili wa usiku ni wa lazima kama paa.

Mama amerudi, na dawa yake ya sukari imebadilishwa. Nilimchorea karatasi kwa rula na kalamu, yenye safu sita: dawa, ya nini, kiasi gani, saa ngapi, nani ametoa, imesimamishwa lini. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Yule binti wa zamu ya usiku bado yuko kazini. Niliwaomba wasimfukuze na wakanisikiliza. Dawa mpya ikifika hunipigia simu, hata ikiwa saa nane usiku. "Sista, hii imeandikwa hivi. Ni ile ile au ni nyingine?" Namjibu, anaandika, analala kwa amani. Nyumba nyingi hazina mgonjwa mwenye mtoto muuguzi. Nataka binti yule, na kila aliye kama yeye katika jiji hili, awe na namba ya mfamasia wa zamu wa kaunti, ipokelewe usiku wa manane, na anayepokea amjibu kwa Kiswahili bila kumfokea kwa nini hajui.

Wenu,
Muuguzi, na binti wa mgonjwa
Nairobi